Mabaki ya Uzi wa Sweta na Kazi Yake

Katika nyumba nyingi za nyanda za juu za Kenya, kuanzia Limuru hadi Kinangop, na kutoka Molo hadi Timboroa, upo mfuko mmoja unaoning'inia nyuma ya mlango wa chumba cha kulala. Ndani yake vimo vidonge vya uzi vilivyosalia: buluu ya sweta la shule, nyekundu iliyozidi katika shali ya bibi, kijani kidogo kisichotosha hata mkono mmoja wa sweta. Mwenye nyumba hautupi uzi huo, maana ulinunuliwa kwa fedha. Wala hautumii, maana hautoshi nguo. Basi mfuko hukaa hapo mwaka baada ya mwaka, hata panya wakafanya kiota ndani yake.

Watu wengi wafunguapo mfuko huo huuliza kwanza, uzi huu watosha nini? Wafumaji wazoefu huanza kwa mtu. Ni nani aliye na baridi, na ni sehemu gani ya mwili wake iliyo wazi? Miezi ya Juni, Julai na Agosti, ukungu usipoondoka mpaka saa nne ya asubuhi, majibu ni mepesi kupatikana: kichwa cha mtoto mchanga, masikio ya bawabu wa usiku, nyayo za mzee asiyeweza tena kutembea hadi jua lilipo, viganja vya mtoto akamuaye ng'ombe kabla ya kwenda shule. Sehemu hizo zote ni ndogo, na kitu kidogo chataka uzi kidogo.

Ufundi wenyewe si mgeni tena nchini. Shule za misheni ziliwafundisha wasichana kufuma tangu zamani, na wake za walimu waliofuatana na waume zao katika Jeanes School ya Kabete, iliyofunguliwa mwaka 1925, walijifunza kazi za nyumbani huko. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilipoanzishwa mwaka 1952, kufuma na kushona kulikuwa miongoni mwa mafunzo ya vilabu vyake vya mwanzo. Vilabu hivyo vilikuwa chini ya uangalizi wa serikali ya kikoloni, nayo ilivitumia katika siasa zake za wakati wa hali ya hatari, hilo halifichiki. Lakini sindano zilibaki mikononi mwa wanawake, na mabinti zao na wajukuu zao wakazirithi.

Yafaa kusema wazi jambo moja ambalo walimu wa vilabu hawakulisema sana. Mabaki ya uzi si biashara. Wako waliojaribu kuuza kofia na soksi zilizofumwa kwa mkono, wakakuta kwamba sweta la mashine hufumwa kwa muda mfupi sana, na kwamba mitumba, ambayo imejaa masokoni tangu mwanzo wa miaka ya 1990, huuzwa kwa bei ambayo hailipi hata uzi, sembuse siku mbili za kazi. Mfumaji ahesabupo saa zake kwa shilingi hukata tamaa upesi. Kitu kilichofumwa kwa mabaki hupata thamani yake kinapotolewa kama zawadi, kwa kuwa hukatwa kwa kipimo cha mtu mmoja anayejulikana, na duka halimjui mtu huyo.

Kabla ya kuanza kazi, hapana budi kuujua uzi ulio mfukoni. Watu huuita wote sufu, lakini uzi mwingi unaouzwa leo madukani haukutoka kwa kondoo hata kidogo. Ni akriliki, uzi uliotengenezwa viwandani kwa kemikali, ambao ulianza kuingia katika biashara ya dunia mwaka 1950. Njia ya kuzitambua ni rahisi. Kipande cha urefu wa kidole hushikwa kwa koleo juu ya kisahani, na maji yakiwa karibu, kisha huwashwa kwa kiberiti. Sufu ya kondoo huungua polepole, hunuka kama nywele zilizoungua, huzimika yenyewe, na majivu yake husagika kati ya vidole. Akriliki hushika moto kwa haraka, huyeyuka, na ikipoa huacha kijidonge cheusi kigumu. Pamba huwaka kama karatasi na kunuka kama karatasi.

Si jambo la kupitisha wakati tu. Sufu ya kondoo ikifuliwa kwa maji ya moto na kusuguliwa hunywea na kugandamana, wala hairudi tena. Akriliki haidhuriki hivyo, lakini ikipigwa pasi ya moto hulegea na kutanuka daima kama kitambaa kilichochoka. Mtu akifuma safu za sufu na safu za akriliki katika soksi moja, baada ya kufua mara mbili tatu atakuwa na soksi iliyojikunja mistari mistari. Kwa hiyo mfuko hugawanywa kwanza kwa aina ya uzi, ndipo ugawanywe kwa unene, na rangi huangaliwa mwisho. Wengi hufanya kinyume, wakaanza kwa rangi kwa sababu ndiyo ionekanayo.

Iko zawadi moja ambayo haifai kabisa kufumwa kwa akriliki, nayo ni kishikio cha kuteremshia sufuria jikoni. Akriliki ikigusa chuma kilicho moto sana huyeyuka na kushikamana na ngozi ya mkono. Kishikio hufumwa kwa pamba au kwa sufu halisi ya kondoo, tena mara mbili kwa unene. Akriliki iliyosalia yafaa zaidi kwa kitambaa cha kusugulia vyombo. Hukauka upesi, na husugua vizuri bila kukwaruza. Kofia ya birika la chai, ambayo vitabu vya zamani viliipenda mno, imepitwa na wakati katika nyumba ambazo chai hukaa ndani ya chupa ya thamosi.

Katika zawadi zote zinazoweza kutoka katika mfuko huo, hakuna inayostahili uangalifu kama kofia ya mtoto mchanga. Joto la mwili wa mtoto aliyezaliwa lapasa kuwa kati ya digrii 36.5 na 37.5 za sentigredi, na likishuka chini ya hapo mtoto yumo hatarini, zaidi sana akiwa amezaliwa kabla ya wakati wake. Mtoto mchanga hana nyama ya kutosha ya kumhifadhi, na kichwa chake ni kikubwa kikilinganishwa na mwili, hata chapata kuwa kama sehemu moja kati ya tano ya ngozi yake yote. Mwaka 1978 katika mji wa Bogotá, Colombia, hospitali ilipopungukiwa na mashine za kuwatia joto watoto njiti, madaktari walianza kuwaweka watoto hao kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Njia hiyo imeenea duniani kote, na imeokoa watoto wengi. Mtoto awekwapo hivyo huvaa nepi, soksi na kofia tu. Joto la mama humfikia kifuani, na kofia hulizuia lisipotee kwa juu.

Kofia hiyo yataka uzi usiozidi gramu 30. Kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi yake huwa na mzunguko wa sentimita 35 hivi, na kofia hufumwa ndogo kidogo kuliko kichwa, kwa kuwa mfumo hunyumbuka. Kwa uzi wa unene wa kawaida wa sweta, sindano za namba 8 zatosha, yaani zenye unene wa milimita 4. (Namba za zamani za Kiingereza, ambazo bado huonekana kwenye sindano nyingi, huwachanganya wanafunzi: namba ikizidi kuwa kubwa, sindano huzidi kuwa nyembamba.) Kabla ya yote hufumwa kipande kidogo cha kujaribia, katika sentimita 10 za upana pawe na vitanzi 22. Vikizidi, mfumaji anakaza mkono, naye achukue sindano nene zaidi. Vikipungua, achukue nyembamba.

Vitanzi 72 huanzishwa. Sentimita 4 za mwanzo hufumwa vitanzi viwili vya mbele na viwili vya nyuma kwa kupokezana, ili pindo livutike kama mpira. Baadaye hufumwa safu moja yote ya mbele na safu moja yote ya nyuma, hata kazi nzima ifike urefu wa sentimita 10. Hapo kupunguza kwaanza: vitanzi hugawanywa mafungu manane ya vitanzi tisa tisa, na mwisho wa kila fungu vitanzi viwili hufumwa pamoja kama kimoja. Safu inayofuata hufumwa bila kupunguza. Huendelea hivyo, safu ya kupunguza na safu ya kupumzika, mpaka vibaki vitanzi vinane. Uzi hukatwa, ncha yake hupitishwa kwa sindano ya kushonea katika vitanzi hivyo vyote, huvutwa hadi tundu lifungike, kisha ubavu hushonwa kwa mshono mwembamba usiofanya kovu. Kwa mtoto njiti huanzishwa vitanzi 56, mafungu manane ya saba saba, na urefu hupunguzwa kwa kadiri hiyo. Mfumaji mwenye mazoezi humaliza kofia moja kwa jioni mbili.

Hatari zilizomo ni chache, lakini lazima zijulikane. Kofia ya mtoto mchanga haitiwi kamba za kufungia shingoni, wala vifungo, wala kishungi cha juu kinachoweza kung'oka na kuingia kinywani. Uzi wenye manyoya marefu hautumiwi, maana nyuzinyuzi zake huingia puani. Soksi na glavu za mtoto hugeuzwa nje ndani na kukaguliwa: uzi uliolegea waweza kujizungusha kwenye kidole kidogo na kukata damu, na mtoto atalia usiku kucha bila mtu kujua sababu. Kila ncha hupitishwa ndani ya mfumo kwa urefu wa sentimita 5 au zaidi, huku na huku, ndipo ikatwe. Tena kofia ni ya kutokea nje, au ya siku za kwanza kama muuguzi atakavyoagiza. Mtoto mwenye afya alalaye ndani ya nyumba huvuliwa kofia, kwa kuwa kichwa ndicho kimsaidiacho kupunguza joto, naye aweza kupata joto la kupita kiasi.

Watu wapendao kupeleka kofia katika wodi ya wazazi hufanya vema kumwuliza kwanza muuguzi mkuu. Pengine wodi ina kofia tele za watoto wakubwa, na haina hata moja ya njiti. Pengine soksi ndizo zilizokosekana. Hospitali hufua kwa maji ya moto sana, kwa hiyo sufu ya kondoo haifai huko hata ikiwa nzuri namna gani.

Mabaki yakiwa machache mno, iko njia ya kuyaongeza bila kununua. Katika masoko ya mitumba, kama Gikomba ya Nairobi, sweta la mtu mzima lenye kiwiko kilichotoboka huuzwa kwa bei ndogo, na ndani yake mna uzi wa kofia nyingi. Lakini lazima ligeuzwe na kutazamwa ubavuni kabla ya kulipa. Ikiwa vipande vyake viliunganishwa kwa mshono wa mnyororo, huku kila kipande kikiwa na ukingo wake kamili, sweta litafumuka kwa uzi mmoja mrefu. Ikiwa ubavu ulikatwa kwa mkasi na kuzungushiwa uzi wa mashine, kila safu itatoka kipande kifupi peke yake, nayo haina faida. Uzi uliofumuliwa hutoka umejikunjakunja. Huzungushwa kwenye mgongo wa kiti uwe tita, hufungwa kwa kamba mahali panne usivurugike, hufuliwa kwa maji ya uvuguvugu, na hutundikwa kivulini pamoja na kitu kizito chini yake. Ukikauka huwa umenyooka. Katika Uingereza, nguo zilipogawiwa kwa kuponi tangu Juni 1941 hadi Machi 1949, watu walifanya vivi hivi, na mwaka 1943 serikali yao ilitoa kijitabu cha kuwafundisha namna ya kuzirekebisha nguo walizokuwa nazo.

Huzuni ya mfumaji wa mabaki ni uzi kwisha katikati ya safu. Haipasi kutokea. Safu moja ya mfumo wa kawaida hula uzi wenye urefu kama mara tatu ya upana wa kazi, na kufunga vitanzi hula zaidi kidogo. Kwa hiyo uzi uliobaki ukiwa haufiki mara nne ya upana, ndio wakati wa kubadili rangi. Vitu vya jozi, kama soksi na glavu, havianzwi mpaka uzi umegawanywa vidonge viwili vilivyo sawa juu ya mizani ya jikoni. Wako wazee waliovaa soksi moja ya kahawia tupu na ya pili yenye kidole cha manjano kwa sababu hakuna aliyepima.

Rangi nazo zina adabu yake. Mistari ifumwe kwa safu mbili mbili au nne nne, kwa kuwa hapo uzi hurudi ukingo ule ule ulikoanzia, na waweza kupandishwa ubavuni bila kukatwa kila mara. Kuchagua rangi moja tulivu, mathalan kijivu au nyeusi, na kuitia kati ya kila mstari, huzipatanisha rangi zisizopatana. Mtu akitumia zote kwa pamoja kama zilivyotoka mfukoni, mpokeaji atashukuru kwa moyo na kuivaa gizani. Ncha mbili za sufu halisi ya kondoo zaweza kuunganishwa bila fundo: huchanuliwa, huloweshwa kwa maji kidogo, huwekwa juu ya kila mmoja, na kusuguliwa kwa nguvu kati ya viganja mpaka zishikamane. Akriliki haikubali, na hapo ncha hubaki kupitishwa kwa sindano.

Kazi ya watu wengi ni blanketi la vipande. Kila mwanachama wa kikundi hufuma vipande vya mraba vya sentimita 20. Vipande 20, vinne kwa upana na vitano kwa urefu, hufanya blanketi la mtoto la sentimita 80 kwa 100. Shida yake hujulikana na kila kikundi kilichojaribu: hakuna mikono miwili inayofuma kwa mkazo mmoja, na kipande cha mmoja huwa cha sentimita 18 na cha mwingine 23. Dawa ni kukata mraba wa karatasi ngumu kwa kila mfumaji, naye asikome mpaka kazi yake imelingana nao, bila kujali ni vitanzi vingapi.

Kwa wasiopenda sindano ndefu upo mkono mwingine. Akina mama wa Ukambani na wa Gikuyu, ambao vyondo vyao vilisukwa tangu kale kwa nyuzi za magome ya miti na baadaye kwa katani, wameutia uzi wa sweta katika usukaji huo, hata uzi mfupi usiofaa kofia ukawa mstari wa rangi katika kiondo. Kiondo kidogo cha kutilia chumvi au funguo ni zawadi isiyo na kipimo cha mwili, na kwa hiyo haikosei.

Wanaume wengi huona kwamba maneno haya hayawahusu. Katika kisiwa cha Taquile, ndani ya ziwa Titicaca nchini Peru, wanaume ndio wafumao kofia, nao hufundishwa wakiwa wavulana. Wanawake hufanya kazi nyingine za nguo. Kofia ya mwanamume huonyesha kama ameoa au hajaoa. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi wa kisiwa hicho kuwa urithi wa binadamu. Bawabu wa usiku akaaye saa 12 karibu na jiko la makaa angekuwa na wakati wa kutosha wa kujifumia kofia yake mwenyewe, ya uzi mweusi wa sweta la shule.

Zawadi ikiisha, hufuliwa kabla ya kutolewa, kwa maana mikono, vumbi na moshi wa jikoni vimekwisha kuigusa. Hukaushwa ikiwa imelazwa juu ya taulo, wala haianikwi kwenye kamba ikavutika. Apokeaye huambiwa ni uzi gani na hufuliwa vipi, hasa ikiwa ni sufu ya kondoo, la sivyo kofia ya mtoto itarudi kutoka beseni la kwanza ikiwa ya mwanasesere. Na pamoja na zawadi hutiwa mita mbili tatu za uzi ule ule, zilizozungushwa kwenye kipande cha karatasi ngumu, ili tundu litakapotokea kwenye kisigino au pembeni mwa pindo, lizibwe kwa rangi yake.